Kata za Kimya

Kwa wiki ya tatu nukta ile ilikuwa nyekundu, na Edina Nyagawa ndiye mtu pekee aliyeiona.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya taasisi, mahali ambapo dirishani ungeona mashamba ya chai na, nyuma yake, misitu ya paini iliyofunikwa na ukungu tangu Mei. Ukuta mmoja mzima ulikuwa kioo cha ramani. Kila nukta juu yake ilikuwa mtoto wa chini ya miaka saba aliyevaa bangili. Bangili ilikuwa nyepesi kama uzi. Ilisikiliza moyo, ikapima hewa iliyomo kwenye damu, ikanusa jasho kutafuta dalili za hofu na njaa, ikajua mtoto amelala lini na ameshtuka mara ngapi. Mtambo uliokaa chini ya jengo uliyapokea hayo yote, ukayalinganisha na ya maelfu ya watoto waliowahi kuumizwa au kupotea, kisha ukakisia. Kijani. Njano. Nyekundu.

Katika nusu ya kata za nyanda zile za juu, nyekundu ilipowaka, simu ya afisa ustawi wa jamii ililia, naye alitakiwa awe amefika nyumbani kwa mtoto kabla jua halijazama. Hizo ziliitwa kata za mbiu. Katika nusu nyingine hakuna simu iliyolia. Nyekundu iliwaka, ikarekodiwa, basi. Hizo ziliitwa kata za kimya. Kata ipi iwe upande upi iliamuliwa kwa kura, na aliyeichezesha kura hiyo ni Edina mwenyewe. Alikuwa ameamini kwamba hakuna njia nyingine ya haki ya kujua kama mbiu inaokoa watoto au inasumbua tu familia zao.

Siku hiyo alishuka ngazi mpaka ofisini kwa Profesa Salha Mbaruku, mkuu wa utafiti, akasimama mlangoni.

"Profesa, kuna mtoto huko Lyavala."

"Lyavala iko upande gani?"

"Kimya."

Profesa aliweka kikombe chake chini taratibu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilimlazimisha kila mtu kunyamaza ili amsikie. "Basi hukupaswa kuniambia. Wewe ndiye mlinda takwimu. Unaona pande zote mbili ili sisi wengine tusione."

"Anaamka kila usiku. Moyo unamwenda mbio kama wa mtu anayekimbizwa. Hali chakula vizuri. Ana miaka sita."

"Kaa, Edina."

Edina hakukaa.

"Unawakumbuka kina mama wa Okoa?" Profesa aliuliza.

Nani asiyewakumbuka. Edina alikuwa bado shuleni wakati mpango ule ulipoanza. Ulikuwa na mtambo kama huu, isipokuwa hakuna aliyeujaribu kabla ya kuutumia. Namba ilipopanda, gari jeupe lilikuja, na mtoto akapelekwa kituoni. Miaka ikapita ndipo ikagundulika kwamba namba ilikuwa inapanda kwa sababu ya umaskini tu, kwa sababu ya nyumba ya chumba kimoja na mama anayerudi kutoka kazini amechelewa. Watoto wengi hawakurudi kwao tena. Wengine walifia vituoni kwa surua. Profesa Mbaruku ndiye aliyezunguka kuwasikiliza kina mama wale na kupeleka maneno yao bungeni, na kutokana na maneno hayo ikatungwa sheria: namba yoyote isitumike juu ya mtoto mpaka ithibitishwe.

"Leo kwenye kimya wako wangapi wenye nyekundu?" Profesa aliendelea.

"Mia mbili na kidogo."

"Na wenye hatari ya kweli ni wangapi kati yao?"

"Hatujui."

"Hatujui. Ukimfungulia huyu mbiu, kwa nini usimfungulie wa pili? Na tukiwafungulia wote, jaribio limekufa. Wizara itasema hatukuthibitisha chochote, na itakuwa imesema kweli. Mikoa yote inatusubiri sisi. Watarudi kufanya kazi kwa kubahatisha, kama zamani."

"Na huyu akifa?"

Profesa alitazama mikono yake. "Atakuwa amekufa sisi tukiwa bado tunakisia. Nitalibeba hilo. Ulidhani silibebi?"

*

Jumamosi asubuhi Edina alipanda basi la umeme mpaka mwisho wa lami, kisha akatembea. Hakumwambia mtu. Njiani alijieleza kwamba anakwenda kuangalia tu, kwamba kuangalia si kufungua, ingawa alijua kwamba mtu asiyetaka kufanya chochote hasafiri umbali ule.

Nyumba ilikuwa ya tofali, yenye mabati ya kunasa jua juu ya paa. Lakini msimu wa ukungu mabati yale hayakuwa na maana. Betri zilikuwa zimeisha nguvu, na jikoni kuni zilikuwa zinawaka. Mwanamke kijana alitoka akifuta mikono kwenye kitenge.

"Kamwene," Edina alisalimia.

"Kamwene. Karibu, dada."

Aliitwa Vaileti Mgaya. Alifanya kazi ya kupanga maparachichi kwenye kiwanda cha kusafirisha matunda. Edina alisema ametoka taasisi, anakagua bangili, na huo ulikuwa uongo nusu. Vaileti alimpa kigoda karibu na moto, akaendelea kumenya viazi. Kwenye mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ngozi ilikuwa imekunjamana kwa kovu la moto ambalo halijamaliza hata mwaka.

"Lusungu! Njoo umsalimie mgeni."

Mtoto aliingia. Alikuwa mdogo kuliko umri wake, mwenye macho ya mtu mzima. Alisema shikamoo, lakini hakumtazama Edina. Alikuwa anamtazama mama yake. Akaketi baina ya mama yake na moto, kimya, kama mtu aliyeshika zamu.

Walikuwa wanazungumza juu ya mvua Vaileti alipokatiza sentensi katikati. Kisu kilimtoka. Shingo ikajipinda, macho yakageuka, akaanza kuanguka mbele, kuelekea kwenye mafiga.

Edina hakuwa hata amesimama. Lusungu alikuwa tayari ameshamkumbatia mama yake kiunoni na kujitupa naye upande wa pili kwa uzito wake wote mdogo. Akazisukuma kuni kwa mguu zikatawanyika. Akavuta kitenge, akakikunja, akakipenyeza chini ya kichwa kilichokuwa kinagonga sakafu. Akamgeuza mama yake ubavu, akamshikilia bega, akaanza kumwimbia wimbo wa chekechea wa kuhesabu vidole. Mwili wa mama ulitetemeka. Mtoto aliimba. Sauti yake haikuyumba, ila kwenye kifundo cha mkono wake bangili ilikuwa inapima kila kitu.

Vaileti alipozinduka alilia kwanza, ndipo akasema.

"Usiwaambie, dada. Nakuomba."

"Imekuanza lini?"

"Tangu nijifungue huyu. Zamani nilipata dawa zahanati, zikaacha kuja. Hospitali ya wilaya wanazo, lakini wataniandika. Wakishaniandika, gari litakuja." Alimvuta Lusungu akamkumbatia. "Shangazi yangu alichukuliwa mwanawe enzi za Okoa. Mimi sitoi wangu."

"Usiku je?"

Aliyejibu ni mtoto. "Usiku silali sana," alisema. "Mama akianza mimi nasikia."

Edina alikaa kwenye kigoda kile akitazama zile kuni zilizotawanyika zikifuka moshi. Mtambo ulikuwa umesema kweli. Hatari ilikuwepo nyumbani humu, kubwa, ya kila siku. Ila kwa mtambo hofu ya mtoto ni hofu tu, iwe anakuogopa kwa sababu unampiga au anakuhofia kwa sababu anakupenda. Na dawa ya nyekundu hii ilikuwa vidonge viwili kwa siku.

Jumatatu alimpeleka Vaileti hospitali mwenyewe, akakaa naye kwenye foleni, akaongea na daktari. Mwezi haujaisha, nukta ya Lyavala ilikuwa njano. Asubuhi moja ikawa kijani. Edina aliitazama kwa muda mrefu. Katika kata za kimya nyekundu haikutarajiwa kugeuka kijani hivihivi, na yeyote atakayechambua takwimu hizi siku moja angeliona hilo na kudhani kwamba watoto hupona wenyewe hata wasipotembelewa. Kijani ile ilikuwa uongo, na aliyeuandika ni yeye.

Akashuka ngazi.

*

"Nilikwenda," alimwambia Profesa.

Alisimulia yote: kisu, kuni, wimbo. Profesa Mbaruku alisikiliza bila kumkatiza. Mwishoni alivua miwani.

"Namshukuru Mungu mtoto yuko salama," alisema. "Sasa niambie. Kwa nini yeye?"

"Nilimwona."

"Umewaona zaidi ya mia mbili."

Nyekundu ile ilikuwa ya kwanza kushika jicho lake asubuhi moja, nayo iliendelea kulishika. Hakukuwa na sababu zaidi ya hiyo. Watoto wengine walikuwa kwenye ukuta uleule, wakiwaka vilevile.

"Wafungulieni wote," Edina alisema. "Nimewaletea ushahidi. Nyekundu ni ya kweli."

"Umeleta nyumba moja."

Kamati ya maadili ilikutana Alhamisi. Walikuwa watu wema, na hilo ndilo lililoufanya mkutano ule uwe mgumu. Walipiga hesabu upya. Tofauti kati ya kata za mbiu na kata za kimya ilikuwa imeanza kuonekana, lakini haikuwa imevuka mstari waliokubaliana tangu mwanzo, ule ambao kabla yake huwezi kutofautisha ukweli na bahati. Mzee mmoja wa kamati alifuta machozi waziwazi na bado akapiga kura ya kuendelea. Nyumba ya Lyavala iliondolewa kwenye takwimu. Edina aliondolewa kwenye ukuta. Jioni hiyohiyo kitasa cha chumba chake kiliacha kutambua kidole chake.

Angeweza kwenda kwenye magazeti. Kwa siku kadhaa alitembea na wazo hilo. Angesema: wanajua, na wamenyamaza. Ndani ya wiki jaribio lingesambaratika, na labda baadhi ya nyekundu zile zingetembelewa, au labda magari meupe yangerudi. Hakwenda. Baadaye, alipojiuliza kwa nini, hakuweza kujidanganya kwamba alitishwa au alichoka. Sehemu ya moyo wake ilikubaliana na Profesa, na sehemu hiyo haikuwa ndogo.

Akapata kazi ya kufundisha takwimu kwenye chuo cha ualimu.

*

Mwaka na nusu ulipita kabla Profesa Mbaruku hajampigia simu.

"Tumevuka mstari," alisema, bila furaha yoyote katika sauti yake. "Mbiu inaokoa, Edina. Haibishaniki. Na watoto waliotolewa majumbani ni wachache mno, kwa kuwa maafisa walifundishwa kuuliza kwanza. Mwezi ujao itakuwa amri ya nchi nzima."

"Hongera, Profesa."

"Usinipe hongera. Njoo. Kuna kazi imebaki, na sina ninayeweza kumwomba isipokuwa wewe."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika kata za kimya, watoto kumi na mmoja walikufa huku nukta zao zikiwa nyekundu. Kabla redio haijatangaza mafanikio, Profesa alitaka kila nyumba ifikiwe na iambiwe. Wizara ilimshauri asifanye hivyo. Wanasheria walimkataza kabisa. Alikuwa ameshaanza.

"Wazazi wale walikubali mkutanoni watoto wao wapimwe," alisema. "Tuliwaeleza kuna kata zitakazosikia mbiu na zisizosikia. Walinyoosha mikono ili watoto wa wengine wasaidike. Hawakunyoosha mikono waje kuyasikia haya redioni, kwenye habari za saa mbili."

Waligawana nyumba. Edina akapewa Itundamo, na alipoliona jina la mtoto, Ezra Mlelwa, alikumbuka. Nukta ya Itundamo. Ilikuwa ukutani wiki ileile aliyopanda basi kwenda Lyavala, upande wa kushoto, chini kidogo. Wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwaka.

Obadia Mlelwa alikuwa mpasua mbao. Alimpokea nje, kwenye benchi alilolichonga mwenyewe, maana ndani, alisema, hapajapangwa tangu mke wake aende kwao Makete baada ya mazishi. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

"Nimetoka kwenye utafiti wa bangili," Edina alisema. "Pole sana kwa msiba, baba Ezra."

"Asante. Mmekuja kuichukua? Nimeitunza."

"Hapana. Nimekuja kukueleza jambo, na ukinifukuza nikiwa katikati, nitaondoka."

Akamweleza. Alimweleza kuhusu kura, na upande ulioiangukia Itundamo. Alimweleza kwamba kwa wiki kadhaa kabla ya kifo, kila asubuhi ya baridi, bangili iliona hewa ikipungua kwenye damu ya Ezra kisha ikirudi, ikipungua tena na kurudi. Kwamba mtambo uliwaka nyekundu. Kwamba katika kata za mbiu, maafisa waliozifuata nyekundu za namna hiyo walikuta majiko ya mkaa vyumbani, wakayatoa nje, na watoto wale wako hai.

Kwa mbali msumeno wa kiwanda ulilia, ukanyamaza.

"Hospitali waliniambia ni hewa ya mkaa," Obadia alisema. "Hilo najua. Nimelijua kila siku. Sikujua kwamba kuna mtu alikuwa analiona."

"Lilionekana."

"Wewe uliliona?"

"Niliiona ikianza. Sikuja kwako. Nilikwenda kwa mtoto mwingine, halafu nikaondolewa kazini."

"Yuko hai, huyo mwingine?"

"Yuko hai."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea mzigo na kuupima uzito. Edina alisubiri hasira. Alikuwa amejiandaa kwa hasira tangu asubuhi. Badala yake Obadia aliuliza jambo ambalo katika miaka yote ya utafiti, katika vikao vyote, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuliuliza.

"Upande mmoja mlimwambia afisa. Upande wa pili hamkumwambia mtu. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi je?"

"Samahani?"

"Mimi baba yake. Nililala naye chumba kimoja. Hapakuwa na upande wa kuniambia mimi?"

Edina alikuwa ameisanifu kura ile kwa mikono yake. Alikumbuka miezi waliyobishana juu ya haki, juu ya mstari, juu ya maafisa wapewe mafunzo gani. Walikuwa wamewalinda wazazi dhidi ya magari meupe. Walikuwa wamewahurumia. Kuwaambia hakukuwamo.

"Hapakuwa," alisema. "Hatukufikiria."

"Ningekuwa na simu mkononi. Ingelia, ningeamka." Hakupandisha sauti. "Hiyo mnayoipeleka nchi nzima, inamlilia nani?"

"Afisa."

"Mwambie mkubwa wako abadilishe."

"Nitamwambia leo. Nitakaa mlangoni kwake mpaka abadilishe."

Akatoa kishikwambi kwenye mkoba, kwa kuwa Profesa aliamuru kila mzazi aulizwe kama anataka kuona. Obadia alitaka. Edina akamfungulia asubuhi moja ya Julai, si ile ya mwisho. Mstari wa kijivu ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, hewa ya Ezra, pumzi kwa pumzi, na saa zimeandikwa chini yake. Alianza kumwelekeza jinsi ya kuusoma, akaona hakuna haja. Kidole cha mpasua mbao, kilichokatika ncha, kilikuwa tayari kinautembelea mstari taratibu.

"Hapa bado amelala," Obadia alisema. "Alikuwa akilala ananing'ang'ania. Hapa ameamka. Anataka uji." Kidole kilisogea. "Hapa anacheka, nadhani. Nilikuwa namvalisha soksi mikononi, alipenda hivyo. Hapa naingiza jiko ndani."

Mstari ulikuwa bado umenyooka. Mbele kidogo ulianza kuteremka. Obadia alipafikia hapo, akakiacha kidole palepale.

"Na hapa," alisema, "nafunga dirisha, baridi isimpate."